Gari-nyumba likikataa kuwaka njiani: pa kuanzia kabla ya kufungua injini

Kwenye barabara kuu inayotoka mipaka ya Kabanga na Rusumo kuelekea Nyakanazi, Kahama na Singida nchini Tanzania, madereva wa malori wa hapa nchini wamezoea kukutana na vyombo vya kila namna: matangi ya mafuta, matela ya saruji, mabasi ya masafa marefu, na mara mojamoja gari refu lenye mapazia madirishani, ngazi ndogo nyuma na paneli za umeme wa jua juu ya paa. Hilo ni gari-nyumba. Ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, jokofu, choo na tangi la maji. Wenye nalo husafiri miezi mingi, baadhi yao wakitokea Ulaya na kuelekea kusini mwa Afrika.

Gari la namna hiyo linapozimika kando ya barabara na kukataa kuwaka tena, mtu wa kwanza kufika kwa kawaida si fundi aliyelisomea. Ni dereva wa lori, mwendesha pikipiki, au fundi wa gereji iliyo karibu. Wema wa watu hao unajulikana, na ujuzi wao si haba. Hata hivyo gari-nyumba lina mambo yake ambayo hayamo katika lori wala katika basi dogo, na kosa la dakika moja laweza kuunguza kompyuta ya injini, kifaa ambacho si rahisi kukipata Kahama wala katika gereji za Buyenzi mjini Bujumbura. Hapo msaada hugeuka kuwa ugomvi, na aliyesimama kusaidia huulizwa nani atalipa.

Chukulia hali ifuatayo. Ni saa nane mchana. Mume na mke wenye gari-nyumba lililosajiliwa Ulaya wameegesha chini ya mti, kilomita chache kabla ya Nyakanazi, ili wale. Wamekaa saa mbili, redio ikiimba. Wanapogeuza ufunguo ili waondoke, unasikika mlio mmoja tu, "tak", kisha kimya. Taa za ndani zinawaka kama kawaida. Lori lililotoka Bujumbura kwenda Dar es Salaam linasimama. Dereva anashuka, anafungua sanduku la betri zake mbili kubwa, na kutoa nyaya nene, mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Je, aziunganishe?

Jibu ni kwamba bado. Kuna maswali ya kuulizwa kwanza, na mengi kati yake hayahitaji hata spana.

Usalama kabla ya injini

Jambo la kwanza ni barabara yenyewe. Pembetatu za tahadhari huwekwa mbele na nyuma ya gari, na pale zinapokosekana, matawi ya miti ambayo kila dereva wa Afrika Mashariki anaielewa lugha yake hupangwa mbali vya kutosha ili lori liendalo kasi lipate nafasi ya kupunguza mwendo. Breki ya mkono hufungwa, na magurudumu huwekewa mawe. Magari-nyumba mengi ya Ulaya hutengenezwa yasizidi kilo 3,500 yakiwa yamejaa, kwa kuwa hicho ndicho kikomo cha leseni ya kawaida ya udereva huko. Uzito huo, ukiteleza mteremkoni, haushikiki kwa mikono.

Jambo la pili ni gesi. Jiko la gari-nyumba hutumia mtungi wa gesi, na cheche ya waya wa betri inatosha kuiwasha gesi iliyovuja. Kabla ya kugusa betri yoyote, mtungi hufungwa na milango hufunguliwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, sakafuni, mahali palepale ambapo katika baadhi ya magari haya betri imewekwa.

Gari moja, betri za kazi mbili

Linalowapotosha watu wengi ni taa. Taa za ndani zikiwaka vizuri, mwenye gari husema betri ni nzima. Katika gari-nyumba kauli hiyo haina uzito, kwa sababu ndani yake mna mifumo miwili ya umeme. Ipo betri ya injini, ambayo kazi yake ni kuzungusha stata, kuwasha taa za barabarani na kulisha kompyuta. Ipo pia betri ya nyumba, ambayo hulisha taa za chumbani, pampu ya maji, feni na soketi za kuchajia simu. Mifumo hiyo hutenganishwa na rilei inayoiunganisha pale tu injini inapowaka, ili usiku wa kutazama televisheni usimalize umeme wa kuondokea asubuhi.

Hivyo chumba chaweza kung'aa kama ukumbi wa harusi huku betri ya injini imekufa kabisa. Paneli za jua za juu ya paa nazo mara nyingi huchaji betri ya nyumba peke yake. Gari likiegeshwa wiki tatu juani, betri ya nyumba itakuwa imejaa, na ya injini itakuwa imenyonywa polepole na king'ora, redio na kifaa cha kufuatilia gari.

Rilei hiyo pia huharibika. Ikiganda katika hali ya kuunganisha, jokofu lililowekwa kwenye umeme wa betri laweza kunyonya takriban ampea 10 usiku kucha. Betri ya ampea-saa 100 humalizwa na mzigo huo katika saa 10, yaani kati ya chakula cha jioni na alfajiri.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa mwenye gari ni hili: betri ya injini iko wapi? Katika baadhi ya magari iko chini ya boneti. Katika mengine iko chini ya kiti, au chini ya kifuniko sakafuni, miguuni pa dereva au abiria. Pale betri inapokuwa imefichwa, chini ya boneti huwepo ncha ya chanya yenye kifuniko chekundu, iliyowekwa makusudi kwa ajili ya kuazima umeme.

Sikio ndilo kipimo cha kwanza

Dereva huombwa ageuze ufunguo mara moja, na wengine wanyamaze. Kuna majibu manne ambayo injini yaweza kutoa, na kila moja huelekeza upande wake.

La kwanza ni ukimya mtupu, hata taa za dashibodi haziwaki. Hapo betri imekwisha kabisa, au kichwa chake kimelegea, au fyuzi kuu imekatika. Lakini ikiwa taa za dashibodi zinawaka vizuri na stata haitoi mlio wowote, huenda gari lenyewe linaizuia stata. Gari la gia za kujiendesha halikubali stata mpaka kipini kiwe kwenye alama ya P au N. Likikataa kwenye P, kipini husogezwa N na ufunguo hujaribiwa tena. Magari mengi ya gia za mkono hudai kanyagio la klachi likanyagwe mpaka mwisho. Zulia lililojikunja chini ya kanyagio limewahi kusimamisha safari nyingi.

La pili ni mlio wa haraka haraka, "tik-tik-tik-tik", na taa za dashibodi zikififia. Huo ndio wimbo wa betri iliyochoka, au ya vichwa vilivyolegea au kuota ukungu mweupe na wa kijani.

La tatu ni mlio mmoja mzito, "tak", kisha kimya. Hapo stata imepata amri ila haipati umeme wa kutosha, au stata yenyewe imekufa, au, kwa nadra, injini imekwama.

La nne ni stata kuzunguka kwa nguvu zote, lakini injini isishike. Mwenye kuusikia mlio huu aachane na betri, kwani betri imekwisha kujieleza. Tatizo liko kwenye mafuta, joto, hewa, au mfumo wa kuzuia wizi.

Mita ndogo, majibu makubwa

Mita ya kupimia umeme ni chombo kidogo kinachouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme, na kwa kazi hii inashinda kisanduku kizima cha spana. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma karibu volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12.0 haina tena nguvu ya kutegemewa. Injini ikishawaka, mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi; isipopanda, alteneta haichaji, na gari likizimwa tena litarudi palepale.

Kipimo kinachofuata kinahitaji watu wawili, mmoja ageuze ufunguo, mwingine atazame mita. Stata inapofanya kazi, betri nzima hushuka lakini haipaswi kwenda chini ya takriban volti 9.6. Ikishuka hadi 7 au 6, betri ni dhaifu. Lakini ikiwa stata imetoa "tak" tu na mita imebaki juu ya 12, basi umeme haukutoka kwenye betri hata kidogo. Njia imezibwa mahali fulani, na kuongeza betri ya pili hakutasaidia chochote.

Njia hiyo ina pande mbili. Mafundi wengi hukagua waya mwekundu na kuusahau mweusi. Betri imeunganishwa na bodi ya gari kwa waya wa hasi, na bodi nayo imeunganishwa na injini au gia boksi kwa utepe wa shaba. Utepe huo upo chini, mahali pa matope, maji na vumbi. Ukiliwa na kutu, taa zote za gari huwaka vizuri, kwa kuwa hazipiti hapo, lakini stata, ambayo imefungwa kwenye injini, hubaki bila njia ya kurudishia umeme. Wakati mwingine umeme hutafuta njia nyingine, ukapita kwenye kebo ya gia au ya klachi, na kebo hiyo ikapata moto kiasi cha kutoa moshi.

Utepe hupimwa hivi. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye kichwa cha hasi cha betri, ya pili kwenye chuma safi cha injini, kisha ufunguo hugeuzwa. Mita inapaswa kusoma chini ya nusu volti. Ikisoma volti 2, 3 au zaidi, mkosaji amepatikana.

Vichwa vya betri vilivyoota ukungu husafishwa kwa maji ya moto yenye soda ya kuokea, kisha brashi ya waya au msasa, na kukazwa. Katika kufungua, hasi hutangulia. Katika kufunga, hasi huwa ya mwisho. Mpango huo huzuia spana kugusa bodi na kupiga cheche.

Lori ni volti 24

Hapa ndipo penye hatari ambayo dereva wa lori anapaswa kuijua kuliko mtu mwingine yeyote. Malori makubwa hutumia betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano, na kwa pamoja hutoa volti 24. Magari-nyumba mengi ya Ulaya, yaliyojengwa juu ya magari ya mizigo mepesi kama Fiat Ducato, Ford Transit au Mercedes-Benz Sprinter, ni ya volti 12. Ukiwapa umeme wa lori zima, unawamwagia maradufu ya kiwango chao. Kompyuta ya injini, redio, mfumo wa breki za kielektroniki na chaja ya betri ya nyumba vyaweza kuungua kwa pamoja, na betri yenyewe yaweza kupasuka na kurusha asidi.

Wala haifai kukisia kwa kuhesabu betri. Magari-nyumba yaliyojengwa juu ya malori ya MAN, au baadhi ya Toyota Coaster zilizotoka Japani, huwa ya volti 24. Tena gari lenye betri mbili laweza kuwa la volti 12, ikiwa zimefungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Mita huwekwa kwenye ncha ya gari lile, namba husomwa, na hapo ndipo maneno huisha.

Msaada ulio salama ni ule wa gari dogo la volti 12. Waya mwekundu huanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho hufungwa kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni ambayo hulipuka kwa cheche. Gari linalosaidia huachwa likinguruma dakika tano hadi kumi kabla ya stata kujaribiwa.

Pale ambapo lori ndilo pekee lililopo, madereva wenye uzoefu huazima kutoka betri moja tu kati ya mbili, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi ya lori. Injini ya lori huwa imezimwa, magari hayagusani, na mita husomwa kwanza kwenye betri hiyo moja. Asiye na mita asijaribu.

Zaidi ya hayo, mwenye gari-nyumba aweza kuwa na msaada wake mwenyewe. Baadhi ya magari, hasa ya Marekani, yana kitufe kwenye dashibodi kinachoiunganisha betri ya nyumba na ya injini kwa muda. Pasipo kitufe, betri ya nyumba iliyo ya asidi yaweza kuazimwa umeme kwa nyaya zilezile. Betri za kisasa za lithiamu hazifai kwa kazi hiyo, kwani kidhibiti chake huzikata mara mzigo unapozidi.

Stata inazunguka, injini haishiki

Injini ya dizeli huhitaji mafuta, hewa na joto la mgandamizo. Kipimo cha haraka ni moshi. Stata ikizunguka na bomba la moshi likitoa moshi mweupe, mafuta yanafika ila hayawaki, na shaka huelekezwa kwenye plagi za joto au uchovu wa injini. Bomba lisipotoa moshi wowote, mafuta hayafiki.

Joto ni suala la kweli hata katika nchi zetu. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huko ni za baridi kali. Wasafiri hulala hapo, na alfajiri injini iliyowaka bila shida Karatu hukataa. Taa yenye umbo la waya uliojiviringa kwenye dashibodi huonyesha kuwa plagi za joto zinafanya kazi. Stata haipaswi kupigwa kabla taa hiyo haijazimika. Asubuhi ya baridi, ufunguo hugeuzwa na kurudishwa mara mbili au tatu ili plagi zipate joto la kutosha.

Mafuta yana kesi yake. Penye uhaba wa dizeli, wasafiri hununua mafuta ya madumu kando ya barabara, na maji huingia humo kwa njia nyingi. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo huenda chini, na chujio la dizeli kwa kawaida lina kizibo chini yake cha kuyatolea. Kinachotoka hukingwa kwenye chupa inayoonyesha ndani na kuachwa kitulie. Maji yakiwemo, hujitenga chini kama mchuzi na mafuta yake. Petroli ikiwa imetiwa kimakosa katika tangi la dizeli, ufunguo usigeuzwe hata kwenye nafasi ya taa, kwani pampu itaanza kuisambaza. Tangi humwagwa kwanza.

Mafundi waliolelewa na injini za zamani wana desturi ya kulegeza bomba la nozeli huku stata ikizunguka ili kutoa hewa. Kwa injini za sasa desturi hiyo ni ya kuachwa. Mgandamizo wa dizeli ndani ya mabomba hayo hupita mara 1,000 ya ule wa hewa tunayoivuta, na uzi mwembamba wa mafuta hupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo, lakini ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, la sivyo kidole au mkono wote waweza kupotea. Hewa hutolewa kwa pampu ndogo ya mkono iliyo karibu na chujio, au kwa kugeuza ufunguo kwenye nafasi ya taa mara kadhaa ili pampu ya umeme ya tangini ifanye kazi hiyo.

Taa ya umbo la ufunguo au kufuli ikimetameta, gari halijautambua ufunguo. Funguo nyingine hutolewa kwenye pete, ule wa akiba hujaribiwa, na betri hukaguliwa tena, kwa kuwa umeme hafifu huweza kuichanganya kompyuta.

Tangi la pili lenye kifuniko cha buluu

Magari mengi ya dizeli yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya tangu katikati ya miaka ya 2010 yana tangi dogo la pili, kwa kawaida lenye kifuniko cha buluu. Ndani yake hutiwa AdBlue, mchanganyiko wa maji yaliyosafishwa na urea asilimia 32.5, unaosafisha moshi. Dashibodi huanza kuonya mapema na kuhesabu kilomita zilizobaki. Hesabu ikifika sifuri, gari litaendelea kwenda maadamu injini inawaka, lakini likizimwa halitawaka tena. Kwa wasafiri wasiojua, huonekana kama ugonjwa wa ghafla, kumbe ni amri ya kompyuta.

Kwa kuwa urea inajulikana kama mbolea, huzuka fikra ya kukoroga ya shambani kwenye ndoo. Mbolea hiyo ina uchafu na madini yanayoziba mfumo wote, na hasara yake huzidi gharama ya kuagiza dumu moja kutoka mji mkubwa. Kubaya zaidi ni kumimina kimiminika hicho kwenye tangi la dizeli.

Desturi tatu za kuachwa

Ya kwanza ni kupulizia etha au kushika kitambaa chenye petroli kwenye mdomo wa hewa. Injini yenye plagi za joto huweza kuulipua mvuke huo ndani ya njia ya hewa, na kumuunguza aliyeshika kitambaa. Ya pili ni kuondoa kichwa cha betri injini ikiwaka ili kuona kama alteneta inachaji. Umeme hupanda ghafla na kuua kompyuta. Mita hutoa jibu hilohilo bila madhara. Ya tatu ni kusukuma gari ili lishike. La gia za kujiendesha halishiki kwa kusukumwa. Na gari zito lililozimika halina msaada wa breki wala wa usukani, hivyo likipata mteremko dereva huwa abiria.

Stata nayo ina haki yake. Haipigwi zaidi ya sekunde 10 hadi 15 kwa mara moja, kisha huachwa ipoe dakika moja au mbili.

Karatasi za forodha nazo zinahesabu siku

Msaidizi anapomwona mwenye gari akisita kumruhusu aguse injini, asidhani ni dharau. Gari la kigeni linalovuka mipaka yetu huingia kwa kibali cha muda, na wengi husafiri na kitabu cha forodha kiitwacho Carnet de Passages, ambacho kwa kawaida hudumu mwaka mmoja na hugongwa muhuri kila linapoingia na kutoka. Gari haliruhusiwi kuuzwa wala kutelekezwa. Likikwama likisubiri kompyuta mpya mpaka siku zikaisha, mwenyewe aweza kudaiwa ushuru kana kwamba aliliingiza nchini kulifanya mali ya hapo. Ndiyo maana ni vema kukubaliana kwanza kwa maneno yaliyo wazi: nini kitapimwa, nini kitafunguliwa, na nani atabeba hasara ikitokea.

Tumrudie dereva wetu wa lori karibu na Nyakanazi. Mtungi wa gesi umefungwa na matawi yako barabarani. Kifuniko cha sakafuni kimeinuliwa, na mita kwenye betri ya injini inasoma 12.5. Ni gari la volti 12, na betri yake ni nzima. Mwanamke anageuza ufunguo. "Tak", na mita imebaki palepale. Kwa hiyo umeme hautoki. Dereva anahamisha ncha za mita, moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. Ufunguo unageuzwa tena, na mita inaruka hadi volti 5.

Anauchukua waya wake mweusi peke yake. Ncha moja anaifunga kwenye hasi ya betri ya gari-nyumba, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, akiuziba pengo la utepe ulioliwa na kutu. Ufunguo unageuzwa mara ya tatu, na injini inashika.

Waya huo si dawa ya kudumu. Utawafikisha Kahama, ambako utepe mpya wa shaba utafungwa kwa boliti mbili, na njiani hawatazima injini. Ule mwekundu unarudi ndani ya lori bila kuguswa, na sanduku la betri za volti 24 linafungwa.